Paka hakukomoi: mwaka mzima nilimchapa Chausiku kwa sababu ya ukuta

#1 Baba Chausiku

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na unahusu paka, anayetafuta siasa amepotea njia.

Nimepanga Tabata. Kabla sijahamia, baba mwenye nyumba alipiga skiming korido nzima na kuipaka rangi nyeupe ya maji. Siku ya kukabidhiana funguo alipitisha kiganja ukutani taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake wa maziwa, akaniambia, "Kijana, siku ukihama nataka niukute hivi hivi." Kwenye mkataba kuna kipengele cha uharibifu. Nikasaini huku Chausiku yuko nje kwenye bajaji, ndani ya boksi la sabuni, analia.

Wiki ya tatu nikaona mistari. Mwisho wa korido, kati ya mlango wa chumba chetu na dirisha, kimo cha goti langu na kupanda juu kidogo. Michirizi minne mitano imeshuka wima, unga mweupe umemwagika chini. Nikaziba, nikapaka rangi iliyobaki. Kesho yake palepale. Siyo hatua moja kushoto wala kulia. Palepale.

Nikaamua kwamba paka ananikomoa. Na ushahidi nilikuwa nao: jana yake nilimnyima kichwa cha samaki, juzi yake nilimfungia nje, na kule Mbagala tulikotoka alikuwa na uwanja wenye mwembe, huku nimemleta kwenye malumalu. Nikasema huyu ana kinyongo, na dawa ya kinyongo ni ndala.

Nilimchapa. Sijivuni, ila naandika ili mjue. Nikimkuta ukutani, ndala. Nikiona mchirizi mpya hata yeye akiwa amelala zake kwenye kochi, namvuta mpaka pale, namwonyesha, ndala. Alikuwa anainamisha masikio na kujibana chini, nami nikawa namwambia mama watoto, "Unaona? Anajua kosa lake." Baada ya mwezi hakuparura tena mbele yangu. Nikatangaza ushindi. Kumbe alichojifunza ni kimoja tu: usiparure huyu bwana akiwepo. Nikitoka kwenda kazini, korido inakuwa yake.

Nikahamia kwenye pilipili ya unga. Akapiga chafya, akahama sentimita kumi, akaendelea. Nikafuta ukuta kwa jiki ili kuondoa "harufu yake mbaya". Akarudi kwa nguvu mpya, siku hiyohiyo.

Mwisho jirani akanishauri kitu ambacho wengi mnakijua: mtie kwenye kiroba, kamwachie soko la samaki, kule riziki haikosi. Kiroba nilinunua. Kilikaa nyuma ya mlango siku mbili.

Usiku wa siku ya pili umeme ulikatika. Nilikuwa nimekaa sakafuni koridoni kwa ajili ya ubaridi wa malumalu, simu imeisha chaji, nimetulia tu. Mwanga wa taa ya jirani mwenye sola ulikuwa unaingia dirishani. Chausiku akatoka chumbani kwetu, amelala tangu magharibi. Akajinyoosha kwanza mbele, kisha nyuma. Akaenda mpaka pale pake, akapanda kwa miguu ya nyuma, akazamisha kucha, akavuta chini kwa uzito wake wote mpaka mgongo ukapinda. Mara nne au tano. Kisha akanusa alipoparura, akatazama dirishani, akaondoka. Alinipita kama hanioni, mkia juu.

Hakuniangalia hata mara moja. Wakuu, mimi nina mashemeji, nawajua watu wa kukomoa. Mtu anayekukomoa lazima kwanza akuangalie usoni aone kama imekuingia. Huyu alikuwa na shughuli zake.

Asubuhi nikakuta chini ya ukuta kitu kama ukucha mzima, kimepinda, chembamba, ndani kitupu. Nikadhani kaung'oa. Nikamshika mguu, nikabonyeza kiganja, kucha zote zipo, tena moja inang'aa kama sindano mpya.

Tangu hapo nimekuwa namwangalia badala ya kumchapa, na nimegundua kwamba nilichokuwa naita "kuparura ukuta" ni vitu vitatu tofauti. Kuna ile ya kucha pale mwisho wa korido. Kuna nyingine anapapasa tu kwa viganja, kucha ameficha, juu karibu na siling bodi ya jikoni, anaruka juu ya friji na kugonga gonga kama anayebisha hodi. Na kuna ya bafuni: akishajisaidia kwenye beseni lake la mchanga, anapalua malumalu ya ukutani, krr krr krr, wakati mchanga wenyewe haugusi. Zote tatu nilikuwa nazijibu kwa ndala ileile.

Kiroba nimewekea mkaa. Wenye uzoefu karibuni.

#2 Sina Mpango

Mkuu umekaa gizani unamchunguza paka saa ngapi, na ndoa inaendeleaje?

#3 Shangazi wa Tegeta

Mwanangu hapo kwa beseni umenigusa, maana wangu anafanya hivyo kwenye chakula. Nampa dagaa, anakula nusu, kisha anaanza kuparura sakafu kuzunguka sahani kama anayefukia uchafu. Miaka minne mimi namwambia "unadharau dagaa wangu, nenda kwa waliokuzaa". Mara nyingine nilikuwa namnyang'anya sahani kwa hasira, na kesho yake namnyima kabisa. Kama na hilo nalo nilikosea naomba niambiwe polepole.

#4 Fundi Skiming

Mimi napaka rangi nyumba za watu mwaka wa kumi na nne sasa. Nyumba yenye paka naijua kabla sijamwona paka mwenyewe.

Paka haparui ovyo. Sijawahi kuvuta kabati nikakuta nyuma yake pameparuliwa. Sijawahi kukuta stoo. Utakuta kona ya korido, ubavu wa mlango wa sebule, kando ya mlango wa kutokea, pembeni ya kitanda au kochi analolala. Pale ambapo kila anayepita lazima apaone. Mwenye nyumba ananiambia "fundi, paka huyu anachagua sehemu ya kuniaibisha mbele ya wageni". Nacheka tu kimoyomoyo. Na mimi ningekuwa nabandika tangazo ningebandika hapohapo.

Na skiming wanaipenda kwa sababu ni laini, ukucha unaingia na alama inabaki. Ukuta wa plasta tupu wa kokoto hawauhangaikii sana, unaumiza. Ukipaka rangi ya mafuta, ukucha unateleza, anaacha. Ila usishangilie, anahamia kwenye fremu ya mlango.

Halafu nikuulize, hilo dirisha la korido linatazama nini?

#5 Kijana wa Kigamboni

Wakuu mnazunguka sana. Paka anayeparura ukuta usiku saa nane kaona kitu ambacho nyie hamkioni, bibi yangu alisema hivyo na bibi hakuwahi kukosea. Ile ya kugonga siling ndiyo kabisaa, hapo kuna wageni.

Dawa: paka mafuta ya taa ukutani. Ikishindikana nenda kwa daktari ang'oe kucha, mchezo umekwisha. Ulaya wanafanya.

#6 Bwana Mifugo

Nimekuwa nikipita tu humu, ila hayo mafuta ya taa yamenifanya niingie.

Kijana, usimwambie mtu apake mafuta ya taa mahali paka anapogusa. Paka hujisafisha kwa ulimi. Kilichoshika kwenye nyayo zake kinaishia tumboni, na mafuta ya taa yakiingia kwenye mapafu ni kifo cha mateso. Vivyo hivyo vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini, watu huvitandaza kando ya ukuta, ni sumu kwake.

Sasa Baba Chausiku. Umeona vizuri, kazi imebaki kuvipa majina.

Ule ukucha mtupu uliookota ni ganda. Ukucha wa paka hukua kwa tabaka, kama kitunguu. Tabaka la nje likichakaa, anahitaji kitu cha kuzamishia ili livuke, na chini yake upo mpya wenye ncha. Ndiyo maana uliona unang'aa. Kwa kawaida ana kucha kumi na nane, tano kila mguu wa mbele na nne kila mguu wa nyuma. Za mbele ndizo anazoparuia, za nyuma huzitafuna kwa meno. Paka mzee aliyeacha kuparura kucha zake hukunjika na kurudi kuchoma nyayo, nimezikata nyingi za namna hiyo. Kwa hiyo kumkataza kabisa ni kama kumkataza mtu asichane nywele wala asikate kucha, halafu umchape akijaribu.

Lakini hilo la kucha ni nusu tu ya habari. Katikati ya vidole na kwenye nyayo zake kuna tezi zinazotoa harufu ambayo sisi hatuisikii. Anapovuta chini anaacha vitu viwili kwa mpigo, mchirizi wa kuonwa na harufu ya kunuswa. Ni kama hati na muhuri. Harufu hufifia, ndiyo maana anarudi palepale kuipiga tena. Wewe ulipofuta kwa jiki ulifuta muhuri, naye akafanya kama ambavyo ungefanya wewe ukikuta mtu kang'oa bango la kiwanja chako.

Tabia hii hajaiokota sebuleni kwako. Paka wetu wote wametokana na paka pori ambaye mpaka leo yupo huku kwetu, ukipita Serengeti usiku unaweza kumwona pembeni ya barabara, ukadhani ni paka wa kambini kapotea. Na madereva wa watalii watakwambia simba na chui wanavyoparua magome ya miti. Chausiku ni haohao, kimo tu ndicho kimepungua.

Na anapoamka ndipo anapoparura zaidi, kwa sababu pia ni kunyoosha mgongo na mabega. Uliliona hilo gizani.

Kugonga siling bodi bila kutoa kucha ni jambo lingine. Sikio la kijana wa kibinadamu linaishia sauti ya kama hezi 20,000. La paka linafika karibu hezi 64,000. Watoto wa panya wanalia kwa sauti iliyo juu ya masikio yetu. Wewe unaona paka anabisha hodi ukutani kwa wazimu, yeye anasikia kiota kizima. Kijana, imani ya bibi yako siigusi, ila kabla hamjaita mtu wa dua, mmoja apande siling na tochi.

Bafuni: anataka kufukia, hicho ni kitendo cha kuficha harufu yake. Akiwa kwenye beseni dogo hawezi kugeuka, miguu inaangukia ukutani, naye anaendelea kufukia kwa ukuta. Au mchanga umechafuka hataki kuukanyaga. Mpe beseni refu kuliko yeye mara moja na nusu, mchanga wa kina cha vidole vinne.

Shangazi, shikamoo. Wako naye anafukia. Kashiba, anaficha kilichobaki wasije wengine wakakinusa. Porini mabaki ya chakula huita wezi na maadui. Hadharau dagaa wako, anakuwekea akiba.

#7 Shangazi wa Tegeta

Marahaba baba. Miaka minne nilikuwa namnyang'anya akiba yake. Nimekwenda kumpa nyama, naye kaniangalia kama nina homa.

#8 Sina Mpango

Bwana Mifugo, akimparura mtu na siyo ukuta?

#9 Bwana Mifugo

Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano kamili ukitazama saa, siyo kumwagia spiriti na kwenda kulala. Kisha nenda kituo cha afya, hasa kama paka humjui, amebadilika tabia au ameuma kabisa. Kichaa cha mbwa jina lake linatudanganya, paka naye anakipata na anakiambukiza. Na wako mwenyewe mpeleke chanjo, usisubiri kampeni ya mbwa ipite mtaani.

#10 Mwana wa Amu

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka kisiwani. Mimi nimezaliwa Lamu, nafanya kazi Mombasa, na jambo hili limenifikirisha kwa sababu kwetu paka ni wengi kuliko watu wa sokoni na sikumbuki hata siku moja mama akigombana na paka juu ya ukuta.

Mji wetu wa kale umeingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, watu huja kupiga picha milango na paka. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, laini vilevile. Basi kwa nini hawaziparui sana? Nimekaa nikahesabu vilivyokuwapo nyumbani utotoni: mnazi uwani, nguzo za mikoko, mlango wa mbao, jamvi, mkeka, kitanda cha kamba, gunia la nazi. Na pwani mashua zimepandishwa. Paka alikuwa na pa kuparura kila alipogeukia. Alikuwa wa watu wote na si wa mtu, mvuvi akishusha samaki yuko pale, sala ya alfajiri yuko barazani. Wazee wakituambia sahaba Abu Huraira jina lake ni baba wa kipaka, na kutajwa yule mwanamke aliyemfunga paka mpaka akafa kwa njaa. Tulikuwa hatuthubutu kumpiga.

Sasa njoo kwenye fleti yangu ya Mombasa, ghorofa ya tatu. Chini malumalu. Dirisha la alminiamu. Kochi la ngozi bandia. Meza ya kioo. Mlango wa chuma. Nimezunguka nyumba nzima nikitafuta kitu ambacho mimi ningekuwa paka ningezamisha ukucha. Pamebaki ukuta na pazia. Wangu alichagua pazia, na mke wangu akataka mmoja wetu ahame.

Sisi ndio tuliomwondolea mti, kisha tunamwuliza kwa nini anaparura ukuta.

#11 Nipo Hamburg

Kijana wa Kigamboni #5, umesema Ulaya wanang'oa kucha. Nipo Ujerumani, huku ni marufuku. Uingereza nayo ni kosa kwa sheria yao ya ustawi wa wanyama ya 2006. Kulikozoeleka ni Marekani, na hata huko jimbo la New York lilipiga marufuku 2019, la kwanza kwao.

Na siyo kung'oa kucha kama unavyodhani. Ukucha wa paka umeota kwenye mfupa. Ili usirudi lazima ukate mfupa wa mwisho wa kidole, vyote kumi vya mbele. Shika kidole chako hapo kwenye kiungo cha mwisho. Ndiyo hapo.

#12 Kijana wa Kigamboni

Aisee. Nimeshika. Nafuta kauli. Ya bibi siifuti.

#13 Mkonge wa Ngomeni

Mnanitia uchungu watu wa Dar. Mnahangaika na pilipili na jiki wakati nchi hii ilikuwa inaongoza dunia kwa katani!

Nimekulia kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Babu yangu alikata mkonge mpaka vidole vikakataa kunyooka. Zao lenyewe asili yake Mexico, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka miche 62, mwaka 1964 tulizalisha takribani tani 230,000. Halafu zikaja kamba za nailoni, mkajua kilichofuata.

Sasa yule ndugu wa Hamburg aingie duka lolote la wanyama huko atuambie nguzo za kuparulia paka zimezungushiwa nini. Katani! Mzungu anamnunulia paka wake kamba ya mkonge, sisi tuliouotesha tunampiga paka ndala. Kamba ile ni ngumu, ukucha unaingia, unashika, unachanika kidogo na kuacha alama. Ndicho anachokitafuta.

Chukua mti wa mirunda, zungushia kamba ya katani ukiibana kwelikweli, pigilia misumari mwanzo na mwisho, vichwa vizame. Maduka ya vifaa vya ujenzi wanayo. Siyo ile ya plastiki ya rangi ya bluu, utaniaibisha.

#14 Nipo Hamburg

Nathibitisha. Ninayo sebuleni. Sikuwahi kuifikiria Tanga nikiiangalia.

#15 Baba Chausiku

Wakuu nimerudi na mrejesho, wiki tatu zimepita.

Siling kwanza. Nilipanda na tochi. Kiota kipo, juu ya jiko hasa, kimetengenezwa kwa vipande vya gazeti na pamba ya godoro langu la zamani. Panya watano wachanga, wekundu, hawajafumbua macho. Paka nimemchapa miezi kwa kuniletea taarifa. Kijana, mwambie bibi wageni kweli walikuwepo.

Beseni nimenunua lile kubwa la kufulia, nikaacha mchanga wa ujenzi nikaweka maranda ya fundi seremala. Siku ya kwanza aligoma, nikachanganya na mchanga kidogo wa zamani, akakubali. Malumalu zimepona.

Nguzo nimetengeneza. Mti wa mirunda, katani tupu, na chini nimeusimika kwenye ndoo ya rangi ya lita ishirini iliyojaa zege. Gharama yake haizidi chipsi mayai mbili na soda, ukiondoa zege niliyoomba kwa jirani anayejenga. Urefu juu ya ndoo unanifika kiunoni, maana nilimpima Chausiku alivyojinyoosha ukutani, nikaongeza kidogo.

Nikaiweka stoo ili isiharibu mandhari. Hakuigusa. Wiki nzima haigusi, nikaanza kumtukana Mkonge kimoyomoyo. Nikarudia kusoma alichoandika Fundi, kwamba stoo hajawahi kukuta mchirizi, nikajiona mjinga. Nani anabandika tangazo stoo? Nikaiburuta mpaka mwisho wa korido, nikaisimamisha mbele ya mchirizi wenyewe. Nikasugua katani kwa kile kitambaa anacholalia. Alfajiri saa kumi na moja nikasikia sauti mpya, nzito, kama mtu anayepasua gunia. Mama watoto akaniamsha kwa furaha kama vile mtoto kasema neno la kwanza.

Nimekoma kumchapa, lakini nilidhani atasahau haraka. Bado nikiinama kuvaa ndala anakimbilia chini ya kitanda. Nimeanza kuvaa viatu vya ndani vya kitambaa. Jana alinipita nikiwa navaa, akasimama, akanusa, akaenda zake.

Linabaki tatizo moja. Anatumia nguzo mara nyingi, lakini si zote. Usiku kuna wakati anairuka, anakwenda ukutani hasa upande wa dirishani, anaparura kwa hasira, na mara mbili amenyanyua mkia akatetemesha. Mfumo huo wa mkia siuelewi.

#16 Bwana Mifugo

Hongera. Kwenye kucha: zikiwa ndefu kata ncha tu, ile sehemu ya wazi. Ukiona uwaridi ndani, hapo kuna damu na mishipa, usifike. Kila wiki mbili tatu inatosha. Fanya akiwa na usingizi, kucha mbili leo mbili kesho, siyo lazima zote kumi kama mtihani.

Mkia unaotetemeka huku amegeuza matako ukutani ni kunyunyiza mkojo, au anakaribia. Hata majike hufanya, hasa wasiofungwa kizazi. Kuparura na kunyunyiza vikija pamoja, tena mahali pamoja na saa ileile, basi kuna kitu kinamtia wasiwasi hapo. Kufunga kizazi kutasaidia, ila kwanza tafuta hicho kitu.

#17 Fundi Skiming

Nimeuliza tangu #4 na sijajibiwa. Dirisha linatazama nini?

#18 Baba Chausiku

Fundi, samahani, swali lako lilinipita. Linatazama ukuta wa uzio, mita mbili hivi. Hakuna kitu.

#19 Fundi Skiming

Kwako hakuna kitu. Kaa tena gizani.

#20 Sina Mpango

Ndoa imekwisha hii.

#21 Baba Chausiku

Nimekaa usiku tatu. Mama watoto usiku wa pili alileta mto akakaa na mimi, kwa hiyo Sina Mpango tulia.

Usiku wa kwanza na wa pili hakuna. Usiku wa tatu, kama saa tisa, Chausiku akatoka chumbani mkia umevimba kama brashi ya chupa. Akaenda chini ya dirisha akaketi. Nikasogea polepole, nikachungulia juu ya kichwa chake. Juu ya uzio kuna shume. Shume hasa, kichwa kama embe dodo, sikio moja limechanika. Amekaa anamtazama Chausiku kupitia kioo, bila kupepesa. Wamekaa hivyo nadhani dakika kumi. Kisha shume akageuka, akanyunyiza ukuta wa uzio, akashuka zake upande wa pili. Chausiku palepale akapanda ukutani kwangu, akaparura kama anayesaini hati mahakamani.

Kumbe mwaka mzima anajibu barua.

Asubuhi nikazunguka nje. Nguzo ya mbao ya geti imeparuliwa yote upande wa nje, mpaka imekuwa na manyoya, na mimi naipita kila siku naenda kazini. Kioo cha chini nimebandika karatasi ile ya ukungu wanayoweka kwenye madirisha ya ofisi, ili mwanga uingie na shume asionekane. Nguzo ya katani nimeisogeza karibu zaidi na dirisha. Usiku wa nne huu, ukutani hakuna mchirizi mpya. Siku ya Jumamosi nampeleka kufungwa kizazi.

#22 Mkonge wa Ngomeni

Na shume ni la nani? Mwenyewe naye atengenezewe nguzo yake, katani ipo.

#23 Baba Chausiku

Hapo ndipo ninapoomba ushauri. Leo jioni nimemfuata kwa macho kutoka getini mpaka alipoingia. Kaingia kwa mlango wa mbele, kapanda kochi, kashikwa mgongo kama ng'ombe wa maziwa.

Ni wa baba mwenye nyumba.